Irabu za Kiingereza Kinywani Mwetu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa isimu mlioacha vipindi vyenu kuja kutusikiliza, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie matamshi ya Kiingereza miongoni mwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mada ni pana na muda ni mfupi, kwa hiyo nitashika kipande kimoja tu, irabu. Konsonanti zitasubiri siku nyingine. Niseme mapema ninakoelekea, ili mnipime vizuri njiani: naamini tunatumia muda mwingi darasani kusahihisha irabu ambazo hazimpotezi msikilizaji yeyote, na zile chache zinazompoteza tunaziacha zipite.

Tuanze na maneno manne: “bad”, “bud”, “bard”, “bird”. Mwingereza wa kusini huyatamka kwa irabu nne mbalimbali. Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye hajafundishwa kuyatenganisha huyatamka yote kwa irabu moja, ile “a” ya “baba”. Chukueni “hat”, “hut”, “heart” na “hurt”, mambo ni yale yale. Maneno manne yamekuwa moja.

Wapo wanaosikia hivyo wakasema huo ni uzembe, au ulimi mzito. Hebu tuangalie kinachotokea kinywani. Kiswahili kina irabu tano. Ukitamka “a”, ulimi unalala chini, katikati, na hapo chini hakuna irabu nyingine. Jirani zake wa karibu ni “e” upande wa mbele na “o” upande wa nyuma, na zote mbili zimeinuka. Sehemu yote ya chini ya kinywa ni ya “a” peke yake. Sasa Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kimepanga irabu kadhaa humo humo na kandokando yake. Ile ya “bad” iko mbele. Ile ya “bard” ni ndefu na iko nyuma. Ile ya “bud” iko kati na imeinuka kidogo. Ile ya “bird” ni ndefu, na ulimi unatulia katikati kabisa, haukupanda wala haukushuka, midomo ikiwa imelegea, mahali ambapo Kiswahili hakijaweka irabu yoyote. Mzungumzaji wa Kiswahili huzipeleka zote nne kwenye irabu aliyo nayo karibu. Hufanya hivyo kila mara kwa kanuni ile ile, na mwenzake ambaye hawajawahi kukutana hufanya vivyo hivyo. Uzembe hauna utaratibu wa namna hiyo.

Hesabu yenyewe inaeleza mengi. Matamshi ya Uingereza ambayo vitabu vingi vya kufundishia huyachukua kuwa kipimo yana irabu 20 kwa hesabu ya kawaida: 12 sahili, yaani za sauti moja iliyotulia, na 8 unganifu, yaani zinazoanza na sauti moja na kuishia na nyingine. Herufi za kuziandika ni tano tu, na mara nyingine “y” huja kusaidia. Kihispania kina irabu tano kama sisi. Kijapani kina tano, lakini kila moja ina umbo fupi na umbo refu. Kiarabu sanifu kina tatu, nazo pia ni fupi na ndefu. Kila mmoja anafika kwenye Kiingereza na mzigo wake, na kwa hiyo kila mmoja anaunganisha irabu mahali pake. Mwarabu anaweza kuchanganya “pin” na “pen”, jambo ambalo sisi hatulifanyi, kwa sababu “i” na “e” kwetu ni sauti mbili mbali kabisa. Mjapani hutofautisha urefu wa irabu bila taabu, kwa kuwa lugha yake imemzoesha. Sisi urefu unatuponyoka, na nitaurudia baadaye kwa sababu hapo ndipo penye kazi.

Nikolai Trubetzkoy, mwanaisimu wa Kirusi, aliandika kwamba mfumo wa sauti wa lugha ya kwanza ni kama chujio ambalo kila neno tunalolisikia hupitia. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1992, Patricia Kuhl na wenzake walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa watoto wachanga wa miezi 6, baadhi wa Marekani na baadhi wa Sweden. Watoto hao hawakuwa wametamka neno hata moja. Hata hivyo, tayari walizisikia irabu za lugha ya nyumbani kwao tofauti na walivyozisikia irabu za lugha ya wenzao. Miezi sita, walimu wenzangu. Yule kijana wa kidato cha kwanza anayekaa mbele yako amekuwa akisikia dunia kwa irabu tano tangu kabla hajaota jino la kwanza.

Ndiyo maana kumwambia “rudia, rudia tena” hakumsaidii. Anayesema “bad” akikusudia “bird” mara nyingi haisikii tofauti unayoidai. Anarudia alichosikia, na alichosikia ni “a”. Kazi ianzie masikioni. Mpe maneno mawili, usimwambie atamke chochote, mwulize tu kama ni lile lile au ni mengine. Fanya hivyo siku kadhaa kabla hujamgusia ulimi. Nimeona madarasa ambako hatua hii inarukwa kabisa, mwalimu anakimbilia midomo ya watoto, kisha wote wawili wanachoka.

James Flege, ambaye kwa miaka mingi amechunguza namna watu wanavyojifunza sauti za lugha ya pili, alitoa mwaka 1995 nadharia inayostahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha walimu. Anasema sauti inayofanana sana na ya kwetu ndiyo inayotusumbua muda mrefu, kwa sababu sikio linaihesabu kuwa ile ile tuliyo nayo. Sauti ngeni kabisa, ikisikika vya kutosha, hatimaye hupata nafasi yake. Mkilitafakari hilo mtaona kwa nini irabu ya “ship” ni ngumu kuliko inavyoonekana: inakaribiana na “i” yetu kiasi kwamba sikio halioni haja ya kuitenga. Irabu ya “bird”, ambayo kila mtu huiogopa, ina matumaini zaidi, maana haifanani na chochote tulicho nacho.

Nikae kidogo kwenye irabu hiyo ya “bird”, “work” na “nurse”, maana ndiyo inayonivutia kuliko zote. Wanaisimu huiita kwa jina la neno “nurse”. Jina hilo linatokana na John Wells, ambaye mwaka 1982, katika kazi yake ya juzuu tatu kuhusu lafudhi za Kiingereza, alichagua maneno 24 yawe majina ya makundi ya irabu. Badala ya kubishana kuhusu sauti isiyoandikika, unauliza tu: wewe kundi la “nurse” unalitamkaje? Ukipita na swali hilo Afrika nzima, majibu yanapendeza. Kusini mwa Nigeria wengi watakwambia “wok” kwa “work” na “nos” kwa “nurse”. Ghana wengi watasema “wek” na “nes”. Afrika Mashariki tunasema “wak” na “nas”. Irabu ni moja, na imepata makao matatu. Augustin Simo Bobda wa Cameroon amelinganisha lafudhi hizi za Kiafrika kwa makini, na anayefuatilia kazi zake anaona kwamba kila eneo lina mpangilio wake. Tena hata ndani ya nchi moja mambo hugawanyika: neno “cut” kusini mwa Nigeria huelekea kwenye “kot”, na kaskazini, kwa Wahausa, ni “kat” kama letu.

Ushahidi mwingine tunao ndani ya Kiswahili. Maneno “shirt” na “skirt” yana irabu ile ile kwa Kiingereza, yana vina kabisa. Yalipoingia kwetu, moja likawa shati na jingine likawa sketi. Vivyo hivyo “furniture” ikawa fanicha, na “jersey” ikawa jezi, na “nurse” ikawa nesi. Irabu isiyo na makao katika lugha inayoipokea hupelekwa kwa jirani anayeonekana karibu, na karibu na katikati ya kinywa wapo majirani zaidi ya mmoja. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini babu alisema “nes” na yeye anasema “nas”, jibu lipo hapo: wote wawili walikuwa wanatafuta mahali pa kuiweka sauti ambayo lugha yao haikuwaandalia nafasi.

Sasa kuna irabu nyingine ambazo tunazitamka tofauti na London na hakuna anayepotea. “Gate” kwetu ni geti, “coat” ni koti. Uingereza ya kusini irabu hizo ni unganifu, ulimi unasafiri kutoka sauti moja kwenda nyingine. Kwetu zimetulia. Zimetulia pia India, Nigeria na Singapore. Na zimetulia Scotland na sehemu kubwa za kaskazini mwa Uingereza, kwa wenye lugha wenyewe. Mwalimu anayetumia kipindi kizima kumlazimisha mtoto aipindishe irabu ya “gate” anamfundisha lafudhi ya eneo moja, na hamwongezei kueleweka hata chembe.

Kwa hili la wenye lugha wenyewe nina neno, kwa sababu tumezoea kuzungumza kana kwamba wao wote wana irabu zote 20 mahali pake na sisi ndio tunaozipoteza. Scotland, “pull” na “pool” hutamkwa sawa. Kaskazini mwa Uingereza, “put” na “putt” ni sawa. Wamarekani na Wakanada wengi hawatofautishi “cot” na “caught”. Kusini mwa Marekani, “pin” na “pen” huungana, kama kwa yule Mwarabu niliyemtaja. Hakuna anayewaambia watu wa Edinburgh kwamba ndimi zao ni nzito. Mwaka 1952, Gordon Peterson na Harold Barney wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vya irabu za watu 76, wanaume, wanawake na watoto, waliosoma maneno 10 yanayoanza kwa “h” na kuishia kwa “d”. Vipimo vilionyesha kwamba irabu za mtu mmoja huangukia mahali pa irabu nyingine za mwenzake. Watu wanaelewana hivyo hivyo, kwa kuwa sikio humzoea msemaji na maneno yaliyo kando hulisaidia.

Hata kiti cha enzi hakikusalimika. Jonathan Harrington na wenzake, waliokuwa Chuo Kikuu cha Macquarie huko Sydney, walipima irabu za Malkia Elizabeth wa Pili katika hotuba zake za Krismasi, za miaka ya 1950 wakazilinganisha na za miaka ya 1980. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Irabu za Malkia zilikuwa zimesogea kuelekea matamshi ya raia wake wa kusini mwa Uingereza. Basi tunapomwambia mtoto atamke “kama Mwingereza”, tumwambie pia ni Mwingereza yupi, na wa mwaka gani.

Kuhusu tahajia nitapita haraka. Waingereza walianza kuchapa vitabu nyumbani kwao mwaka 1476, William Caxton alipofungua mtambo wake Westminster. Wakati huo irabu zao ndefu zilikuwa zikihama, na ziliendelea kuhama kwa muda mrefu baada ya hapo. Maandishi yakaganda, sauti zikaenda. Herufi “i” ya “time” zamani ilisomwa karibu na tunavyoisoma sisi. Aliyeipa hama-hama hiyo jina linalotumika hadi leo ni Otto Jespersen, Mdenmaki, mtu aliyejifunza Kiingereza kama sisi. Kinachotuhusu ni hiki: msomaji wa Kiswahili amelelewa na maandishi yasiyodanganya, na akikutana na “country” au “money” huiamini herufi “o”. Makosa mengi tunayodhani ni ya ulimi ni ya jicho. Mtoto aliyelisikia neno kabla ya kuliona hupona kwa urahisi.

Nije kwenye swali lenyewe: ni irabu zipi zinazompoteza msikilizaji?

Mwaka 1949 David Abercrombie aliandika kwamba wanafunzi wengi wanachohitaji ni kueleweka bila kumtesa msikilizaji. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 70 na bado halijafika katika madarasa yetu mengi. Mwaka 1979 Larry Smith na Khalilullah Rafiqzad waliwasikilizisha watu wa nchi kadhaa za Asia wasemaji wasomi kutoka mataifa mbalimbali. Msemaji ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kwanza alikuwa miongoni mwa walioeleweka kidogo zaidi. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, huko Canada, waliwapa Wakanada sauti za Wachina wakizungumza Kiingereza, wakawaomba waandike walichosikia kisha wapime uzito wa lafudhi. Zilikuwepo sentensi zilizoandikwa bila kosa hata moja, na papo hapo wasikilizaji walewale wakazihesabu kuwa zina lafudhi nzito. Lafudhi na kueleweka ni mambo mawili. Naomba wanafunzi wa isimu mlishike hilo hata mkisahau mengine yote ya leo.

Mwaka 2000 Jennifer Jenkins alitoa orodha ya mambo ya matamshi ambayo, kwa data yake ya watu wasio wazawa wanaozungumza wao kwa wao, yakiharibika maelewano huharibika. Kwenye irabu orodha yake ni fupi ajabu. Urefu lazima ulindwe: irabu fupi iwe fupi, ndefu iwe ndefu. Rangi ya irabu, yaani ni ya mbele au ya nyuma, imeinuka au imeshuka, kila mtu abaki na yake ili mradi asiyumbe. Akaacha sharti moja tu: irabu ya “nurse”. Ile ile. Kati ya irabu zote za Kiingereza, moja pekee aliyoona haifai kubadilishwa ndiyo hiyo ambayo bara zima tumeigawana.

Je, tumsikilize? Ndani ya Afrika Mashariki, “wak” haimpotezi mtu, na sitaki mwalimu yeyote amkate mtoto kauli katikati ya wazo kwa ajili yake. Lakini fikirieni chumba cha mkutano chenye Mnigeria anayesema “wok”, Mghana anayesema “wek” na sisi wa “wak”, pamoja na Mkorea aliyejifunza kwa Wamarekani. Huyo Mkorea akisikia “wok” atadhani “walk”. Akisikia “hat” hatajua kama mtu ameumia au anataka kofia. Hapo irabu ya kati ina manufaa. Msimamo wangu ni kwamba tuifundishe, tena tunaweza kuifundisha, kwa sababu ni ngeni na ngeni hujifunzika. Tuifundishe iwe ya ziada, ya kutumiwa mtu anapozungumza na walio mbali, na “wak” ibaki halali mahali pake.

Urefu, hata hivyo, ndio kazi kubwa. “Ship” na “sheep”, “live” na “leave”, “fill” na “feel”, “sit” na “seat”, “rich” na “reach”, “hit” na “heat”: jozi za namna hii ni nyingi, na nyingine hukutana katika sentensi moja. Anayesema anaondoka na anayesema anaishi hapa wanaweza kusikika sawa kabisa. Linganisheni na “pull” na “pool”, ambazo jozi zake ni chache mno. Adam Brown aliandika mwaka 1988 kuhusu kupima tofauti za sauti kwa wingi wa kazi zinazofanya, yaani wingi wa maneno zinazoyatenganisha, na kwa kipimo hicho ile ya “ship” na “sheep” iko juu sana na ile ya “pull” na “pool” iko chini. Waskoti wameishi bila hiyo ya pili na mambo yao yanakwenda. Kwa hiyo tuiache.

Tena watu wetu wana urefu, ila hawajaonyeshwa kwamba wanao. Nani kati yetu anachanganya “koma” na “komaa”? “Kata” na “kataa”? “Kufa” na “kufaa”? Mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo. Mwanzieni hapo. Mwambieni avute “i” kama anavyovuta ile “a” ya “kufaa”, na mara nyingi “sheep” hutoka vizuri siku hiyo hiyo. Kwa “ship” mwambieni aikate mapema na alegeze ulimi. Haitakuwa irabu ya London. Itakuwa fupi, na ufupi ndio tunaoutaka.

Kuna kipengele kimoja hapa ambacho vitabu vingi hukificha katika tanbihi. Kiingereza hufupisha irabu inapofuatwa na “p”, “t” au “k”, na huiachia nafasi inapofuatwa na “b”, “d” au “g”. Sikilizeni “seat” na “seed”: irabu ni moja, ila ya “seed” inadumu zaidi. Vivyo hivyo “back” na “bag”, “rice” na “rise”. Msikilizaji wa Kiingereza hutegemea muda huo kuliko konsonanti yenyewe, ambayo mwishoni mwa neno mara nyingi haisikiki sawasawa. Kiswahili hakina maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti, kwa hiyo mwanafunzi wetu huidhoofisha au huiongezea irabu nyuma yake. Mfundishe muda wa irabu, na konsonanti iliyodhoofika itasamehewa.

Limebaki suala la irabu ile dhaifu, isiyo na mkazo, ambayo ndiyo inayosikika mara nyingi kuliko irabu zote katika Kiingereza cha Uingereza na Marekani. Chukueni “photograph”. Mkazo uko mwanzoni, na silabi ya pili inafifia. Ongezeni “y” iwe “photography”: mkazo unahamia silabi ya pili, na ile ya kwanza iliyokuwa imejaa sasa inafifia. Sisi hatufifishi. Tunasema “fotografi” kila irabu ikiwa na haki yake, kama Wanigeria, kama Wahindi wengi, kama watu wa Singapore. Hapa natofautiana na walimu wengi ninaowaheshimu, ambao huhangaika na irabu dhaifu kwa miaka. Wasikilizaji wasio wazawa huelewa irabu zilizojaa kwa urahisi zaidi, na Jenkins mwenyewe hakuiweka irabu hiyo katika orodha yake. Ila mwanafunzi ni lazima aitambue anapoisikia, la sivyo habari za redio na mihadhara zitampita. Basi tuifundishe kwa sikio, na tusiidai kinywani.

Ndugu Mwenyekiti, sitatenda haki nikimaliza bila kusema kuhusu msikilizaji, kwa sababu mzigo wote tumekuwa tukimbebesha msemaji. Mwaka 1992 Donald Rubin, nchini Marekani, aliwasikilizisha wanafunzi wa chuo mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani mzawa. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, jingine picha ya mwanamke wa Asia. Sauti ni ile ile. Walioona sura ya Asia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, na waliukumbuka mhadhara kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba taarifa ya kawaida, kwa mfano kwamba twiga hukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, huaminiwa kidogo ikisemwa kwa lafudhi ngeni, hata msikilizaji akiwa ameambiwa kwamba msemaji anasoma tu alichopewa.

Hali hiyo tunayo hata sisi. Vijana wa Nairobi wana kitenzi chao, kushrabu, kwa mtu ambaye Kiingereza chake kimebeba lugha ya mama, na darasa zima hucheka. Mtoto aliyechekwa kwa irabu yake hanyooshi mkono tena muhula ule, na mtoto asiyesema hajifunzi urefu, wala mkazo, wala lolote kati ya haya niliyoyataja. Kicheko hicho kinaharibu kuliko irabu yoyote, na kukizuia ni kazi ya mwalimu, leo, kabla ya somo la matamshi kuanza.

Kwa wale mnaosahihisha mitihani ya kuzungumza nina ombi moja mahususi. Wekeni karatasi mbili mezani. Kwenye moja andikeni kila mahali mlipopoteza maana ya mtahiniwa, na neno lenyewe. Kwenye nyingine andikeni kila mahali mliposikia tu kwamba anatoka fulani. Alama za matamshi zitolewe kwa karatasi ya kwanza peke yake, na ile ya pili msiijumlishe. Na mnaoandaa sauti za mazoezi ya kusikiliza, msilete msemaji mmoja wa Uingereza kwa mwaka mzima. Wekeni Mghana, Mhindi, Mskoti, Mfilipino, na Mtanzania aliyesoma vizuri, maana hao ndio watu ambao wanafunzi wetu watafanya nao kazi.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Nadhani tuna dakika za kutosha kwa maswali, na ningependa kuanza na yeyote asiyekubaliana nami kuhusu irabu dhaifu.